Jumamosi Tutaita Nimule

Kocha Lado,

Tumeingia! Nakuambia hilo kabla ya salamu, maana najua ungenikatiza salamu katikati uniulize. Tumeingia nane bora, Kocha. Timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha ualimu, ile ambayo watu wa ofisini walisema ivunjwe mpaka amani irudi, Jumamosi saa tisa mchana inacheza robo fainali ya mashindano ya vyuo. Nimeshainuka kitini mara mbili tangu nianze kuandika. Ungekuwepo ungeniambia, "Keji, keti, kunywa maji," huku wewe mwenyewe unazunguka uwanja mara ya kumi na filimbi mdomoni, hukumbuki hata kuipuliza.

Haya, sasa salamu. Sisi hatujambo. Juba ipo. Helikopta zinapita juu ya mtaa wetu wa Buluk kama kawaida, mafuta hayapatikani, unga umepanda tena, na watu wanaendelea kuoana. Nimekaa darasani, lile la mwisho lisilo na vioo, ni saa sita mchana na wenzangu wamekwenda kutafuta chai. Nakuandikia nyuma ya karatasi za pointi, zile zilizobaki, kwa hiyo ukiona wino wa upande wa pili unapenya ujue ni ile mechi ya Wauguzi tuliyoshinda. Nimekuchagulia ile kwa makusudi.

Na nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu sheria yako bado ipo. Kiarabu cha Juba ni cha kununulia nyanya sokoni Konyo Konyo, Kiingereza ni cha mtihani, Kiswahili ni cha mpira. Anayevuka mstari mweupe anaacha lugha ya mama yake nje pamoja na kandambili zake. Mwanzoni nilidhani ni ukali wako tu. Baada ya mapigano ya Julai ndipo nilipoelewa. Mji mzima mtu akifungua mdomo watu wanasikiliza kwanza ni wa wapi, halafu ndiyo wanasikiliza anasema nini. Uwanjani kwetu hakuna aliyezaliwa na Kiswahili. Wani alikiokota Kampala, mimi kambini Kiryandongo, Gatluak kambini Kakuma, na wewe kila mahali. Kila mtu anakivunja kwa namna yake na hakuna wa kumcheka mwenzake. Kumbe ulijua ulichokuwa unafanya. Nasema hivyo sasa ambapo huwezi kunitambia.

Basi ngoja nikupe habari za timu, maana ndizo unazozitaka.

Wani bado anachelewa. Nimemtishia, nimemkimbiza raundi ishirini, nimemfungia geti, hakuna kitu. Anakuja mbio na chapati mkononi, anaomba radhi, "Malesh, Keji, mimi iko hapa," kana kwamba kuwa hapo ni zawadi. Lakini akiushika mpira, Kocha! Ule udhaifu wa mkono wa kushoto umekwisha. Tulimfunga mkono wa kulia kwa kanga yangu wiki mbili nzima, ile dawa yako ya kikatili, na sasa anaudunda kwa mkono wowote huku akizungumza na watu wa pembeni.

Deng ameacha kutazama ni nani anamtazama. Nadhani ni kwa sababu yule binti wa ofisi ya mitihani ameolewa. Vyovyote iwavyo, jana alitupa kumi kutoka kona, nane zikaingia. Zile mbili aliniambia ni upepo.

Na Gatluak. Kocha, Gatluak amekuwa mkubwa. Simaanishi urefu, urefu Mungu alishamaliza. Namaanisha mpira ukigonga ubao yeye ameshafika, hasukumani na mtu, anauchukua tu kama mwenye mali. Bado nakwenda kumchukua getini kule Jebel, kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa walikojificha watu wa kabila lake tangu Julai, kama ulivyokuwa ukifanya. Boda ni ileile ya kaka yake Wani. Tunakaa watatu, mimi katikati, Gatluak nyuma na kofia yake imeshuka mpaka puani, magoti yake yanakaribia kugusa watu wa pande zote mbili za barabara. Kabla jua halijashuka tumemrudisha. Siku moja tulisimamishwa na askari, akauliza huyu mrefu ni nani. Nikasema ni mwanafunzi wangu wa ualimu anakwenda mazoezi ya kufundisha. Sikudanganya. Sikugeuka nyuma mpaka tulipofika Buluk.

Ndiyo, filimbi ninayo mimi sasa. Watu wa ofisini walitaka kutafuta mwanamume wa kuja kusimamia, walisema haifai binti wa mwaka wa tatu, tena aliyekuwa mwandika pointi, aongoze wavulana. Deng akawaambia kama ni hivyo wamtafute na wa kumfundisha huyo mwanamume, kwa sababu Keji ndiye anayejua. Basi nikabaki. Wahasibu wananiita Mama Maji, kwa kuwa wananikumbuka nikibeba jerikeni. Waache. Nimebeba jerikeni miaka mitatu nikiwa nimesimama nyuma yako, nikisikia kila ulichokisema kwa sauti na kila ulichokisema chini chini. Hakuna chuo kinachofundisha hivyo.

Umeona nimewataja Wahasibu. Ndio hao droo imetupa. Wale wa chuo cha uhasibu, wenye jezi za kung'aa na basi lao wenyewe. Walitufunga mwezi uliopita, na nitakuambia kwa nini walitufunga, ila ni lazima nianzie mbali kidogo, nianzie kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mstari wa kwanza wa barua hii.

Majina yako.

Unakumbuka ulivyotuketisha chini siku ile ukachora barabara kwa kijiti, kutoka Uganda hadi hapa? Ulisema timu nyingine zinaita mbinu zao kwa namba na namba zinasahaulika mtu akichoka, lakini barabara ya kurudi nyumbani haisahauliki. Elegu: pasi ya haraka, usisimame, pale kuna maswali mengi. Nesitu: mpira kona. Gumbo: unaliona daraja, umefika, tupa. Wani akauliza mbona hakuna Juba, ukasema Juba ni kikapu chenyewe, hatutangazi tunakokwenda. Gatluak yeye alirudi kwa njia nyingine kabisa, tukamfundisha barabara ambayo hajaipita maisha yake, na ndiye aliyeishika haraka kuliko wote.

Na Nimule. Nimule ndiyo ilikuwa silaha yetu. Wanne wanasimama bega kwa bega kuzunguka mmoja, nyuso nje, migongo ndani. Wa tano yuko katikati na mpira. Wanahesabu hadi saba. Wapinzani wanazunguka hawajui pa kuingilia. Halafu ukuta unafunguka mahali pamoja tu, anatoka, anatupa. Refa wa kwanza kuiona alisema kitu hicho hakimo kitabuni, ukampa kitabu ukamwambia akuonyeshe ukurasa unaokikataza. Tulicheka mpaka tukapoteza mpira. Lakini wewe katika Nimule hukuwa na mzaha. Mtu akigeuza shingo tu kumwangalia aliye ndani, ulikuwa unasimamisha mazoezi. "Migongo ndani! Usimtazame! Yeye atatoka mwenyewe." Nilikuwa naona ni ushupavu wa bure. Kuna ubaya gani kumtazama mwenzako?

Halafu ukaenda Kampala kutafuta viatu.

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, Kocha, nakuambia wewe. Ni mimi niliyekuharakisha. Wewe ulitaka kungoja misafara ya mabasi ianze tena kusindikizwa na askari. Mimi nikasema msimu unaanza, Gatluak anacheza na kandambili zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, tutaonekana watu wa ajabu. Nikawapima wote miguu kwa kamba za katani, kama ulivyonifundisha, kwa sababu viatu vya mitumba kule soko la Owino namba zake zimefutika na muuzaji atakuapia lolote. Kila kamba na fundo lake: fundo moja Wani, mawili Deng, matatu Gatluak. Kamba ya Gatluak uliitazama ukauliza kama ni ya kufungia ng'ombe. Ukaziweka mfuko wa shati. Ukasema, "Keji, usiwalegezee."

Nimewahi kuulaumu ule msimu, nimelaumu basi, nimewalaumu wale wenye bunduki ambao hakuna anayewajua. Mwisho wa yote naziona zile kamba na mikono yangu ikizifunga mafundo. Nasikitika, Kocha. Nasikitika kila siku, na ninacheka kila siku pia, na sijui vitu hivyo viwili vinakaaje kifua kimoja.

Gunia lilifika. Nilitaka ujue. Basi lilipigwa risasi kabla ya Nesitu, wewe hukufika, lakini gunia la viatu lilifika bila tundu hata moja, na ndani ya kila jozi ulikuwa umeacha kamba yake. Vyote vimewakaa. Vyote.

Siku ya kwanza ya mazoezi baada ya mazishi niliwapanga watano kama kawaida, nikapuliza filimbi, nikaita Nimule. Nilikuwa sijafikiri. Mdomo uliita tu kwa mazoea. Wakasimama, Kocha. Si kusimama kwa ukuta. Walisimama kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Wani aliuacha mpira ukadundadunda wenyewe mpaka kwenye mtaro. Hakuna aliyekwenda kuuchukua. Deng akatoka nje ya mstari akavaa kandambili zake akaenda nyumbani. Nilikuwa nimewaitia barabara iliyokuua.

Tangu siku hiyo hatukuita jina. Tukawa tunaonyesha vidole: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Tulishinda navyo, si kwamba hatukushinda. Lakini vidole vinaonekana, na Wahasibu ni watu wa kuhesabu. Yule kocha wao alikuja mechi zetu mbili na daftari, na tulipokutana nao mwezi uliopita nikinyanyua vidole vinne tu, beki wao mfupi alikuwa tayari amesimama pale ukuta unapofungukia. Alikuwa ananitabasamia. Tukafungwa. Nilirudi nyumbani nikala kisra bila kujua nakula nini.

Kwa hiyo droo ilipotoka Jumatatu na kusema Wahasibu, vijana walishangilia kwa kisasi, na mimi nilishangilia nao, ila moyoni nilijua. Kwa vidole tutafungwa. Na majina hatuyawezi. Nikajaribu kubuni majina mapya. Nikaweka majina ya vyakula. Wani akawa anaita ful, wengine wanacheka, mguu mmoja huku mwingine kule. Nikaweka majina ya masomo, Deng akachanganya Saikolojia na Mitaala, jambo ambalo analifanya hata darasani. Siku nne zilikuwa zimebaki na nilikuwa na timu nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, lakini haina sauti.

Jumanne nilivuka daraja nikaenda Gumbo kumwona mama yako. Nilikuwa nampelekea sukari na sabuni, na pia nilitaka kukaa kidogo karibu nawe, pale ulipo. Wamekujengea vizuri. Msalaba umepakwa chokaa upya. Kuku wa jirani wanalala juu yako mchana, samahani, nimewafukuza.

Mama yako alikuwa anamenya karanga kwenye ungo. Akaniuliza habari za mpira, maana alisema ulikuwa unamwambia. Nikamwambia tunacheza Jumamosi. Akataka kujua tunachezaje, kweli kweli, si kwa heshima tu. Sasa utamwelezaje bibi wa umri ule? Nikachukua karanga zake nikaanza kuzipanga kwenye ungo. Hii ni Elegu. Hii ni Nesitu. Halafu nikapanga nne kuzunguka moja, nikamwambia wanasimama hivi, nyuso nje, migongo ndani, na hawaruhusiwi kumtazama aliye katikati.

Akaacha kumenya. Akazitazama zile karanga tano kwa muda mrefu. Akaniuliza hii inaitwaje. Niliona haya kulitaja, lakini nikalitaja.

Akasema, "Hiyo si ya mpira, binti yangu. Hiyo ni yangu."

Kwa nini hukutuambia, Kocha? Miaka mitatu! Tulidhani ni kituo cha mpakani tu. Mama yako akanieleza polepole, Kiarabu na Kiswahili vikichanganyika, jinsi vita vile vya kwanza vilivyowatoa hapahapa Gumbo wakaenda kwa miguu, yeye akiwa na wewe tumboni. Jinsi uchungu ulivyomshika Nimule, mahali pa wazi, watu wengi, askari si mbali. Wanawake wanne waliokuwa njiani, hakumjua hata mmoja, hawakuwa na lugha moja, wakavua shuka zao za begani, wakasimama bega kwa bega kumzunguka, shuka zimenyanyuliwa, nyuso nje, migongo ndani. Hakuna aliyegeuka kumtazama, kwa heshima. Mmoja alikuwa anahesabu ili mama yako ajue lini asukume. Ukatoka wewe.

Nilikuwa nimeshika karanga mkononi, nikaiponda bila kujua.

Halafu akaniambia jambo lingine, akiwa amerudi kumenya, hanitazami. Mtoto akizaliwa wanawake hupiga vigelegele. Wale wanne hawakuweza. Askari wangesikia. Walijiziba midomo kwa viganja, machozi yanawatoka, wakatikisana mabega kwa furaha bila sauti hata kidogo. Alfajiri wakavuka. Kila mtu akaenda njia yake na hakuwaona tena. "Mtoto wangu aliingia duniani kimya," alisema. Na nikakumbuka ulivyorudi pia, Kocha, ile siku ya gari la wazi, barabara nzima ya kuja Gumbo imenyamaza. Sikumwambia. Nadhani alikuwa anafikiria hilohilo.

Jana, Jumatano, niliwakusanya kabla hawajafunga viatu. Hata Wani alikuwa amefika, ishara za mwisho wa dunia. Niliwakalisha chini kwenye saruji pale penye ufa, nikawasimulia kama nilivyosimuliwa. Nilitumia mawe matano. Sikujaribu kuwahubiria. Nilipofika mahali pa viganja midomoni nilijikuta nimeziba mdomo wangu kwa kiganja.

Jenereta la jirani lilikuwa linanguruma. Deng alikuwa anafungua na kufunga kamba ya kiatu kilekile. Kisha Gatluak akasimama, kwa ile namna yake ya kusimama inayochukua muda, akaenda katikati ya uwanja, akageuka akanitazama. Gatluak, ambaye kwa wiki moja husema maneno sita.

"Kocha," akasema, "ita hiyo Nimule."

Nikageuka nyuma. Wallahi niligeuka nyuma nikutafute. Tangu uondoke hawajawahi kuniita hivyo, ni Keji tu, Keji filimbi, Keji maji. Nyuma hakukuwa na mtu ila ukuta na jerikeni. Ni mimi aliyekuwa anaitwa.

Nikaita. Mara ya kwanza ilitoka nyembamba, nusu ya neno. Nikaita tena. Wakaenda! Gatluak, Wani na vijana wawili wa mwaka wa kwanza, bega kwa bega, nyuso nje, na Deng ndani na mpira. Na safari hii, Kocha, hakuna aliyegeuza shingo. Hata nukta moja. Walisimama kama wanalinda kitu. Nilisikia Wani akihesabu, moja, mbili, tatu, taratibu, ile sauti yake ya masihara haimo kabisa. Saba. Ukuta ukafunguka upande wa Gatluak, Deng akatoka kama aliyesukumwa, akaruka, akatupa. Ule mpira haukugusa chuma. Ulipita tu katikati ukatingisha wavu.

Tulirudia mara kumi na moja. Mara kumi na moja! Wachezaji wa akiba walichoka kutuzuia wakaanza kushangilia. Kisha tukaita zote, Elegu, Nesitu, Gumbo, zinafuatana, barabara nzima inapigiwa kelele na vijana watano wenye Kiswahili kibovu, watu wa Buluk wakatoka nje ya mageti yao kutazama kuna nini. Wani alikuwa analia. Akasema ni vumbi. Nikamwambia sawa, vumbi. Yangu pia yalikuwa vumbi.

Sasa nisikilize. Nimelifikiri jambo hili kama ulivyonifundisha, bila kujidanganya. Wahasibu ni warefu kuliko sisi, ukimtoa Gatluak. Wana wachezaji kumi na wawili, sisi wanane, na mmoja wa hao wanane ana kifundo cha mguu kilichovimba. Robo ya nne tutachoka. Hayo ni kweli. Lakini yule beki wao mfupi atakuja Jumamosi kutazama vidole vyangu, na vidole vyangu vitamdanganya. Nitanyanyua vinne mara mbili tatu bure, aende akasimame huko. Wakati yuko huko tutakuwa tunaita. Daftari la kocha wao halina barabara hii. Naona tunashinda, Kocha. Sisemi kwa kujipa moyo. Nimeandika pointi za timu hii miaka mitatu, najua inavyoonekana ikiwa inakwenda kufungwa, na haionekani hivi.

Tukipita hapo ni nusu fainali Jumapili baada ya misa. Sitaki hata kuiwaza. Uongo, naiwaza tangu asubuhi.

Mama yako anakuja. Nilimtumia ujumbe kwa mtoto wa dada yako, akajibu atakuwa tayari kuanzia asubuhi. Kaka yake Wani atamvusha daraja kwa boda, taratibu, nimemwapisha. Nimemwekea kiti kwenye benchi letu, si kule kwa watazamaji. Refa akisema haimo kitabuni nitamwomba ukurasa.

Ameniomba jambo moja tu. Nimwambie itakapokuwa Nimule, asije akawa anatazama pengine. Nikamwambia atasikia, maana nitaita mpaka ng'ambo ya mto wasikie. Ukuta ukifunguka na Deng akitoka, mama yako atasimama apige vigelegele, vile ambavyo hukupigiwa. Amesema koo lake limezeeka lakini amelitunza.

Basi nakuacha hapo. Wenzangu wanarudi na chai, na saa kumi nina timu. Lala salama, Kocha wangu. Nimewafukuza kuku, nitawafukuza tena Jumatatu nikija na habari. Sitawalegezea. Na mpira wa kwanza utakaokuwa wetu Jumamosi, wa kwanza kabisa, nakuahidi ni Nimule.

Mimi wako,
Keji